Pua Zilizooshwa Siku ya Mgeni

Kila asubuhi, kabla hajaonja hata chai, Jemutai alianza siku kwa kufuta makamasi. Hayakuwa yale mepesi ya kiumbe aliyeamkia baridi. Yalikuwa mazito, ya manjano iliyochacha, na ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe kama unga uliokandwa vibaya. Yalining'inia kwenye mianzi ya pua ya Shaba, farasi jike wa miaka kumi na mitatu, na Jemutai aliyapangusa kwa kitambaa, akakisuuza, akayapangusa tena. Shaba alimwacha afanye, kichwa kimeinama. Kisha kilikuja kikohozi, kikavu na cha mfululizo, mbavu zikivutwa ndani mpaka mstari ukajichora chini ya tumbo kama kamba iliyokazwa.

"Pole, mama," Jemutai alimwambia, kisha akakitazama kitambaa, akageuza uso.

Si kwamba alichukizwa na makamasi. Mtu aliyekuwa saisi kwa miaka ishirini na sita, aliyewalisha farasi, akawapiga brashi na kuwazalisha kwa mikono yake, hababaiki kwa uchafu wa pua. Kilichomchukiza ni kwamba alijua makamasi yale yalikotoka. Karanja, saisi mwenzake, alijua. Meneja alijua. Zizi zima lilijua, na zizi zima lilikuwa limenyamaza.

Zizi lenyewe lilikuwa upande wa Kariandusi, chini ya mteremko, katika nchi ya vumbi ambako udongo mweupe umelala ardhini tangu enzi ambazo ziwa lilifika hadi pale. Lilikuwa na farasi kumi na wanne. Wageni walikuja mwisho wa wiki, wakapandishwa, wakazungushwa vichakani kwa saa moja, wakapigwa picha na kurudi makwao wakidhani wameijua nchi.

Jemutai hakuzaliwa katika vumbi. Alizaliwa Molo, kwenye ukungu, katika shamba lililoachwa na mzungu na kununuliwa na tajiri mwenyeji aliyependa farasi. Baba yake, Gedion, alikuwa saisi wa mabwana wote wawili, na katika maisha yake yote alishika sheria moja: nyasi kavu haziingii kinywani mwa farasi kabla hazijaloweshwa. Kila jioni aliitosa nyavu ya nyasi ndani ya pipa lililokatwa nusu, akaikandamiza kwa jiwe, na alfajiri akaitundika ichuruzike. Waliomcheka aliwauliza, "Wewe unaweza kula ugali bila mboga? Basi na yeye hali vumbi bila maji."

Alikuwa na jambo jingine lililowachekesha watu. Farasi mgeni alipoletwa shambani, Gedion aliweka uso wake karibu na pua ya mnyama, akavuta pumzi yake, kisha akasema kama ametoka Njoro, au Gilgil, au Subukia. Mara nyingi alipatia. Hakuweza kueleza alichokinusa. Alisema tu kwamba mahali huingia ndani ya mnyama na kukaa humo.

Jemutai alipomaliza kidato cha nne, mgongo wa baba ulikuwa umekufa, naye akaichukua brashi. Wanaume walimtania kwamba saisi mwenye sketi atawatisha farasi. Alinunua suruali mbili na gambuti, akawaachia maneno yao.

Miaka miwili kabla ya mambo haya, zizi la Kariandusi lilipata meneja mpya aitwaye Lewis, mtu nadhifu, mwenye simu iliyokuwa ikirekodi video hata alipokuwa anakunywa maji. Siku yake ya kwanza alimkuta Jemutai ameinamia pipa.

"Hii ni nini sasa? Supu?"

"Ni chakula cha farasi, boss. Tunalowesha nyasi zisiwe na vumbi."

"Wageni wakiona haya maji machafu watadhani tunalisha farasi takataka. Kuanzia leo, nyasi kavu zikae kavu. Ndiyo maana zinaitwa kavu."

Alicheka mwenyewe. Pipa likageuzwa kuwa la maua, likapakwa rangi, likawekwa langoni.

Wiki iliyofuata yakaja magunia ya unga mweupe wa udongo ule ule wa bondeni, uliosagwa laini kama poda ya mtoto, ambao wakulima huwatia wadudu wa nafaka. Lewis aliagiza unyunyizwe juu ya marobota ya nyasi ili kufukuza viroboto na fukusi, na umwagwe sakafuni ili unyonye mkojo. Ulipendeza mno katika picha. Zizi liling'aa. Lakini chini ya weupe ule hakuna aliyezoa kitu. Samadi na mkojo na majani yaliyooza vilikandamizwa tabaka juu ya tabaka, na kila Ijumaa tabaka jipya la unga likaja kuvifunika. Ukichomeka koleo ukainua, harufu ilipanda ikakuchoma macho, na mabuu yalijipinda kwenye mwanga kana kwamba yamekasirika kuamshwa. Jemutai aliwaza maiti iliyopakwa poda kabla ya kuoshwa.

"Zizi limevaa kanzu," alisema Karanja, "lakini kuoga halijaoga."

Jemutai hakutania. Alikwenda kwa Lewis mara tatu kumwambia kwamba farasi wanakohoa. Mara ya tatu meneja aliinua macho kutoka kwenye simu.

"Mama, wewe ni daktari?"

"Hapana, boss."

"Basi kamata koleo."

Na kwa muda daktari alikosekana, mpaka alipotokea Wangu. Alikuwa daktari wa mifugo, kijana, mwenye maabara ndogo mjini Nakuru, na alikuwa anachunguza pua za farasi. Alikuwa amekwisha kuchukua sampuli kule Molo, katika shamba la mzee Hezekiah, na nyingine katika mazizi ya pembezoni mwa mji. Sasa alitaka farasi wa nchi ya vumbi. Alipokuja kuomba ruhusa, alimngojea meneja langoni, na Jemutai akamuuliza anatafuta nini ndani ya pua.

"Vijidudu, mama. Ndani ya pua na koo la farasi mmoja kuna vijidudu vingi kuliko watu wote wa Nakuru. Vingi havina ubaya. Vingine ni walinzi, vinawazuia wale wabaya wasipate nafasi. Lakini farasi havipati hewani bure. Anavitoa kwenye nyasi anazokula, udongo anaokanyaga, vumbi analovuta. Mimi nataka kujua kila mahali panapanda nini puani."

Jemutai aliegemea lango. "Baba yangu alikuwa akinusa pumzi ya farasi anasema ametoka shamba gani. Watu walimcheka."

"Wangengoja kidogo," alisema Wangu. "Hakuwa mjinga huyo."

Lewis alikubali bila kusita, kwa sababu jina la utafiti lilikuwa zuri la kuweka kwenye tangazo. Siku ikapangwa, Jumanne. Kule ofisini Wangu alimwomba jambo moja tu: farasi waachwe kama wanavyoishi, wasibadilishiwe chochote. Ombi hilo halikuvuka mlango wa ofisi.

Jumatatu jioni Lewis aliwakusanya masaisi na kuwakabidhi chupa kubwa ya dawa ya kuua viini, ile inayonuka kama ukumbi wa hospitali.

"Kesho tuna mgeni wa maana. Sitaki kuona kamasi. Mtaosha pua zote, ndani kabisa, leo na tena asubuhi kabla hajafika."

Hapa lazima isemwe kwamba Jemutai hakushangaa. Amri ile ilikuwa na sura ya mambo yote aliyolelewa nayo. Mama yake, kabla ya kumpeleka kliniki, alimsugua pua hadi ikawa nyekundu, akampaka mafuta, ili muuguzi asije akasema mtoto wa Gedion ana mafua, ingawa mafua ndiyo yaliyowapeleka. Shuleni kwake mawe ya njiani yalipakwa chokaa wiki ambayo mkaguzi alitarajiwa, na vyoo vikapata milango ambayo baadaye iling'olewa ikahifadhiwa. Hivyo ndivyo nchi inavyojiandaa kupimwa: inauficha ugonjwa, kisha inangojea kwa heshima majibu ya mpimaji. Mgeni haonyeshwi kamasi. Jemutai alikuwa amelisikia jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba mikono yake iliitii amri kabla akili haijauliza.

Alichovya kitambaa katika dawa, akaosha pua kumi na nne, ndani mpaka vidole vilipokoma. Farasi walirusha vichwa. Shaba alitokwa na machozi, akapiga chafya mara saba, na mara ya mwisho kitambaa kikawa na uzi wa damu. Hapo akili ya Jemutai iliuliza. Akaipuuza. Alfajiri akaosha tena.

Wangu alifika saa tatu na vijiti vyake virefu vyenye pamba nchani. Aliviingiza puani kimoja kimoja, akavifungia ndani ya vichupa, akaandika. Alipofika kwa Shaba alisita.

"Wako safi sana. Huwa mnawaosha hivi?"

"Kila siku, Daktari," alijibu Lewis. "Hapa usafi ni desturi."

Jemutai alikuwa ameshika kamba ya Shaba, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa daktari. Alizitazama gambuti zake.

Wiki sita baadaye ikaja barua. Ilisema kwamba sampuli za zizi lile zilikuwa na vijidudu vichache mno, tofauti na mazizi mengine yote, na kwamba uchunguzi ungeendelea ili kujua sababu. Lewis hakusoma hadi neno "sababu". Aliipigia rangi sehemu ya "vichache mno", akaibandika mlangoni, akampigia simu mwenye farasi, mzee Kinyanjui, huku masaisi wakisikia.

"Mzee, tumepimwa na tumeonekana wasafi kuliko wote. Kwa hivyo yule Shaba, ugonjwa ni wake mwenyewe, hautoki hapa. Anakohoa mbele ya wageni. Watoto wanauliza kama atakufa... Ndiyo. Ndiyo, Mzee. Ijumaa asubuhi, kabla wikendi haijaanza. Risasi moja, hatasikia."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Karanja alitema mate pembeni. "Wamemfungulia kesi, na wewe ndiye uliyeosha ushahidi," alisema, si kwa ukali, bali kama mtu anayetaja hali ya hewa. Jemutai alitamani amrushie ndoo. Hakumrushia, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Jumatano ilikuwa zamu yake ya kupumzika. Kwa kawaida angekaa nyumbani kwake mtaa wa Section 58, mjini Nakuru, na binti yake Chelimo, wafue nguo na kubishana kuhusu redio. Siku hiyo alivaa nguo za kanisani, akaenda moja kwa moja kwenye maabara. Wangu alikuwa anakula chapati juu ya meza ya kazi.

"Daktari, ile barua yako ni ya uongo."

Wangu aliweka chapati chini. "Uongo gani?"

"Si wewe uliyedanganya. Ni mimi. Tuliosha pua zote kwa dawa ya kuua viini. Jumatatu jioni, na Jumanne asubuhi kabla hujafika. Mimi ndiye niliyeosha."

Daktari alipoongea, hakuinua sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nilifikiri mashine imeharibika. Nimerudia hizo sampuli mara tatu, mama. Mara tatu. Kwa nini hukuniambia siku ile? Niliuliza."

"Hukuniuliza mimi. Ulimuuliza meneja." Jemutai aliendelea. "Lakini nilikuwa nimesimama pale. Hilo silikatai."

"Na leo kimekuleta nini?"

"Shaba anapigwa risasi Ijumaa. Kwa barua yako."

Wangu aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. "Mzee Kinyanjui akinisikia mimi peke yangu, atadhani natetea kosa langu. Itabidi umwambie wewe. Kwa mdomo wako, mbele yake. Nitakuja naye kesho alfajiri, bila taarifa kwa mtu."

"Nitafutwa kazi."

"Inawezekana sana," alisema Wangu, na Jemutai akamheshimu kwa kutomdanganya.

Alhamisi, jua likiwa bado halijapanda juu ya mteremko, gari la mzee Kinyanjui liliingia zizini. Alikuwa mzee mrefu, mwenye kofia ya manyoya, aliyewapenda farasi kama alivyoyapenda magari yake, yaani kwa kuonekana nao. Lewis alitoka na kandambili, akifunga shati. Wangu hakumsalimia. Alikwenda kwa Shaba, akaingiza kijiti, akakitoa. Pamba iliyoingia nyeupe ilitoka na utando wa manjano unaonuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Akamwonyesha Mzee.

"Sema, mama," Kinyanjui alimgeukia Jemutai. "Daktari anasema una habari."

Akasema yote: nyasi kavu, unga, chupa, vidole vyake mwenyewe, uzi wa damu. Hakujipunguzia hata kidogo.

"Huyu mama ana chuki na mimi tangu nimkataze supu yake," alisema Lewis. "Tumeosha farasi, ndiyo. Usafi umekuwa kosa? Mzee, angalia hii sakafu. Nyeupe pe."

Jemutai alichukua koleo, akalichomeka katikati ya weupe ule, akalikanyaga kwa gambuti na kuinua. Donge jeusi likapinduka miguuni pa mwenye mali, likitiririka, likitembea kwa mabuu. Harufu iliwapiga wote kwa pamoja. Mzee Kinyanjui alijiziba pua kwa skafu, macho yakimtoka machozi. Kabla hajarudi nyuma, Jemutai alikuwa amekata kamba ya robota moja la nyasi na kulikung'uta mbele yao. Wingu likapanda, unga mweupe na ukungu wa kijani wa nyasi zilizovunda, likasimama kwenye mwanga wa kwanza wa jua, kisha likawaingia. Wakakohoa wote: mzee, meneja, daktari, na Shaba nyuma yao.

"Mzee," Jemutai alisema walipotulia, "wewe umevuta mara moja. Yeye amevuta miaka miwili."

Kinyanjui alipangusa mdomo kwa muda mrefu.

"Farasi asiuawe," alisema hatimaye. "Apelekwe kule juu, Molo, kama Hezekiah atamkubali." Kisha akamtazama saisi, na sura yake haikuwa ya shukrani. "Lakini wewe umenimwagia kinyesi miguuni mbele ya watu. Ungekuja kwangu polepole, tungeongea. Nenda na huyo farasi wako. Usirudi hapa."

"Na huyu?" aliuliza Wangu, akimwelekezea Lewis kidevu.

"Lewis anajua kuleta wageni," alisema mzee. "Atafagia."

Jemutai alijua kwamba huo ndio ungekuwa mwisho wake, na bado ulimkera kooni kama mfupa. Aliyeficha alibaki na ufagio. Aliyesema alipewa njia. Alifungasha brashi zake, akamvisha Shaba kamba, na kabla ya kuondoka akayang'oa maua kwenye lile pipa langoni, akalipakia nalo kwenye lori la kuwapeleka Molo.

Kule Molo mzee Hezekiah hakuuliza maswali mengi. Alimpa chumba na kazi, na Jemutai akaliweka pipa chini ya mfereji. Kila jioni alitosa nyasi, akaziwekea jiwe. Baada ya miezi miwili makamasi ya Shaba yalikuwa mepesi, ya rangi ya maji, na usiku haukusikika mfululizo ule wa kikohozi, ingawa alipopanda kilima bado mstari ulijichora chini ya tumbo. Mapafu hayashonwi yakawa mapya.

Wangu alipanda mlima akiwa na majibu ya kile kijiti cha Alhamisi asubuhi. Alieleza kwamba pua ya Shaba ilikuwa imejaa kuvu wa nyasi zilizovunda na viini vya samadi, na kwamba wale walinzi waliojaa puani mwa farasi wa Molo kwake walikuwa wachache, kama askari walioachwa bila chakula. Akachukua sampuli mpya. Safari hii hakuna aliyekuwa ameosha kitu, na Shaba alimpigia daktari chafya kwenye koti.

"Hiyo ndiyo ninayotaka," alisema Wangu, akijifuta.

Jemutai alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, naye akajiziba kwa leso. Alipoitazama, palikuwa na chembe nyeupe. Aliikunja akaitia mfukoni. Kisha akaitoa tena.

"Daktari, umechunguza pua za farasi wa Kariandusi. Za masaisi je?"

Wangu alisimama na kijiti mkononi. "Hakuna aliyeniomba."

"Ninakuomba."

Akaketi juu ya pipa lililogeuzwa, akainua uso, na kijiti kikaingia.

Jioni hiyo simu ililia. Alikuwa Karanja.

"Niaje, Mama Chelimo. Huko juu mnaganda kwa baridi?"

"Tunaishi. Shaba anakula. Huko?"

"Huku..." Karanja alishusha sauti. "Tumeongezewa unga. Na Jumanne kuna wakaguzi wa mifugo. Leo boss ametuletea chupa. Ile ile."

"Utaosha?"

Jemutai alisikia farasi akikohoa nyuma ya Karanja, kisha mwingine.

"Mathe, kazi ni kazi," alisema Karanja.

Hakumlaumu. Yeye mwenyewe aliwahi kuzitazama gambuti zake. Alimwaga maji yaliyobaki, akakausha mikono kwenye suruali, akampigia Wangu, ambaye alikuwa bado njiani akiteremka kuelekea Nakuru.

"Daktari, unawajua wakaguzi wanaokwenda Kariandusi Jumanne?"

"Mmoja wao. Kwa nini?"

"Mwambie wasiende Jumanne," alisema Jemutai. "Waende kesho. Na wabebe koleo."